Waacheni Wajipige Selfi

Iko picha moja ambayo nikiikuta kwenye stetasi ya mtu wa Shinyanga, Kahama au Geita, sihitaji hata kusoma maelezo yake. Najua kafika Kigali. Barabara ya lami inang'aa, majani ya pembeni yamekatwa vizuri, mtu hakuna. Au ni lile kuba la Kigali Convention Centre, usiku, limewashwa taa za rangi. Mpigaji mwenyewe hayumo. Chini ameandika maneno mawili tu: "Ona wenzetu." Hapo tena ni mvua ya majibu. Sisi tumelogwa. Sisi tunakwama wapi? Mswahili bwana, hata umpe nini.

Picha hiyo naipinga. Na kwa kuwa sisi wapenda vitabu tuna mazoea ya kuwasema watu wa selfi, naomba nianze na jambo ambalo baadhi yenu halitawapendeza. Watu wawili wakienda mji wa kigeni kwa wiki moja, wakarudi na picha mia tisa kwenye simu, zile za kujipiga wenyewe ndizo za kweli. Ya uongo ni hiyo ya barabara tupu, hiyo inayoonekana ya maana.

Hoja ya upande wa pili naijua, nimeisoma mara nyingi. Inasema mtu wa selfi hajaona kitu, kaweka kichwa chake mbele ya dunia akaiziba. Inasema msafiri aende kuona, asiende kuonekana. Maneno matamu. Lakini yanatoka kwa watu ambao kuonekana hakujawahi kuwapa shida. Katika familia nyingi za vijijini kwetu babu ana picha moja tu maishani, ile ya kitambulisho, na bibi hana hata hiyo. Mtu wa ukoo wa namna hiyo akisimama mbele ya jengo la kigeni na kusema "piga, piga tena, miguu ionekane", anafanya jambo kubwa kuliko majivuno. Anaacha ushahidi kwamba alikuwepo.

Tena ni utamaduni wetu wa siku nyingi. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, mwenye Bakor Studio, aliyekuwa akikata picha za wateja na kuziunganisha mpaka mtu akaonekana mahali ambapo mwili wake haujawahi kufika. Kivukoni Likoni, Mombasa, miaka ya 1990, wapigapicha walikuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majengo ya mjini. Kijana wa bara anayetafuta kibarua anasimama mbele ya ndege ya rangi, anapigwa, picha inatumwa kijijini. Aliyepigwa alijua ni kitambaa, na aliyeipokea alijua ni kitambaa. Hakuna aliyedanganywa. Ujumbe ulikuwa mmoja: nipo, sijambo, nimependeza, msinisahau.

Selfi mbele ya Convention Centre ni pazia lilelile. Jengo pale ni mapambo tu, na picha yenyewe haisemi inaijua Rwanda. Inasema "mimi na shoga yangu tulifika". Hiyo ni kauli ndogo, na kwa sababu ni ndogo ni ya kweli.

Nilisafiri hivyo. Mimi ni mwalimu Shinyanga, shoga yangu anauza vitenge Katoro, Geita. Tulipanda basi Kahama, tukapita Ushirombo, Runzewe, Lusahunga, mpaka Rusumo, siku saba mfukoni. Yeye alikuwa amefunga nguo saba, moja kwa kila siku ya picha, na wigi mbili. Nimesikia watu wakicheka mambo kama hayo. Mimi nilishika simu na kupiga. Na nilichojifunza kuhusu kupiga picha mkiwa wawili ni hiki: mmoja wenu hukosekana daima. Kwenye simu yangu kajaa yeye, kwenye yake nimejaa mimi. Ile picha mbaya kuliko zote, mkono umenyooshwa, pua kubwa, paji limekatwa juu, ndiyo pekee yenye wote wawili. Mtu anayeidharau picha hiyo sijui urafiki anauelewaje.

Sasa tuje kwenye barabara tupu. Ili mnielewe kwa nini inaniudhi, lazima kwanza mjue sisi watu wa ukanda wa dhahabu tumepigwa picha za namna gani.

Njiani kabla ya Rusumo mnapita Benaco. Leo ni mahali pa malori na mama ntilie. Mwisho wa Aprili 1994, watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja tu, wakikimbia Rwanda, na Benaco ikawa moja ya kambi kubwa za wakimbizi duniani. Chini ya daraja hilo, mto Kagera ulikuwa ukibeba maiti kuelekea Ziwa Victoria. Wapigapicha wa dunia nzima walifika. Walipiga, wakaondoka. Wenyeji wa Ngara, walioamka asubihi moja wakakuta wamekuwa wachache kwenye wilaya yao wenyewe, kwenye picha zile huwaoni.

Mwaka 2004 ikatoka filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza, ng'ambo ya maji tu kutoka Geita. Sangara, ndege za mizigo, makahaba, watoto wa mitaani. Ilizunguka dunia ikichukua tuzo. Mwaka 2006 Rais Kikwete akailaani hadharani, watu wa Mwanza wakaandamana. Unaweza kusema serikali ilikasirika kwa sababu zake, na hilo linajadilika. Lakini uchungu wa mtu wa kawaida wa Mwanza ulikuwa wa kweli: mji mzima, wenye shule, harusi, misiba na vikundi vya kuweka akiba, umekuwa minofu ya samaki inayooza.

Kuanzia mwaka 2007 ikawa zamu ya ndugu zetu wenye ualbino. Mauaji yalikuwepo, Shinyanga, Geita, Mwanza, na waliyoyafichua walifanya kazi ya hatari na ya heshima. Lakini nyuma yao wakafuata wa wiki moja moja, na mtoto mwenye ualbino akageuka uso wa kupigwa kwa karibu, macho makubwa, bila jina, bila darasa analosoma, bila mama yake. Kabla ya hapo walikuwa bibi zetu wa macho mekundu. Na migodi ndiyo usiseme. Mchimbaji mdogo Rwamagasa au Nyarugusu hupigwa akiwa ametoka kwenye duara, vumbi mwili mzima, meno tu yanaonekana. Picha haisemi mifuko ya mawe inagawanywaje kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Haisemi nani anamiliki karasha, nani anabaki na marudio baada ya mwalo, nani ananunua. Soko la dhahabu lililofunguliwa Geita mwaka 2019, lenye mizani na risiti, halivutii kamera, kwa sababu mtu aliyevaa shati safi akihesabu gramu si "Geita" wanayoitafuta.

Mpigapicha wa wiki moja hana muda wa kusubiri. Kwa hiyo huja na picha yake kichwani tayari, akifika anatafuta tu mahali pa kuichomeka. Sisi tunalijua hilo kwenye ngozi zetu. Tumelilalamikia kwenye daladala, kwenye semina, kwenye mashairi.

Halafu na sisi tunapata hela kidogo, tunapanda basi, tunafika Kigali kwa wiki moja, na picha yetu iko kichwani tayari.

Tofauti ni kwamba wao walikuja kutafuta uchafu, sisi tunakwenda kutafuta usafi. Mtaniambia hiyo ni sifa, kuna ubaya gani kumsifia jirani? Ubaya ni kwamba sifa ya namna hiyo inamfuta mtu sawasawa na tusi. Kigali ni safi, hilo sibishani nalo. Lakini imesafishwa na watu. Siku ya tatu tulitoka Nyamirambo alfajiri, giza bado, tukawakuta akina mama na mafagio yao wakimaliza kipande chao cha barabara. Nyamirambo Kiswahili kinazungumzwa vizuri, tangu zamani, kabla hata Rwanda haijakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Shoga yangu akamsalimia mmoja, akaomba kupiga naye picha. Mama yule akakataa kwa upole, akamwonyesha barabara kwa mkono, kama kusema hiyo ndiyo mnayoitaka, pigeni hiyo. Tulishukuru tukaendelea. Saa mbili baadaye barabara ileile ilikuwa tupu na inang'aa, tayari kwa stetasi.

Lugha ina jambo ambalo kamera haina. Ukisema kwa Kiswahili "barabara imefagiliwa", msikilizaji mwenye akili anauliza: na nani? Kitenzi chenyewe kinadai mtendaji. Picha haidai. Barabara inakaa pale, safi, kana kwamba imezaliwa hivyo, na maneno "ona wenzetu" yanafunga mlango kabla swali halijaingia.

Maswali yenyewe ni mengi. Kuna umuganda: kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, maduka yanafungwa na watu wanatoka kufanya kazi ya jamii. Kuna mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku mwaka 2008. Na kuna mambo yasiyopendeza. Human Rights Watch imechapisha ripoti, mwaka 2015 na tena 2020, kuhusu kituo cha Gikondo, ambako wachuuzi wa barabarani, ombaomba na watoto wa mitaani wamekuwa wakikusanywa na kuzuiliwa bila kufikishwa mahakamani. Serikali ya Rwanda yenyewe inakiita kituo cha mpito, cha kurekebisha tabia. Kuna Bannyahe, mtaa wa watu wa kipato cha chini uliokuwa jirani na Nyarutarama ya matajiri: baada ya mvutano wa miaka, mwaka 2022 ulibomolewa na wenyeji wake wakatakiwa kuhamia nyumba za Busanza. Unaweza kuona hatua hizo ni za lazima. Unaweza kuona ni ukatili. Lakini huwezi kusema "ona wenzetu" bila kuwa umechagua upande, na picha ya barabara tupu imekuchagulia bila wewe kujua.

Na hapa ndipo penye maumivu yangu. Maneno "ona wenzetu" hayaelekezwi kwa mwenye ofisi. Ofisa wa halmashauri hayuko kwenye kundi lako la WhatsApp, na hata akiwepo, akiiona barabara ya Kigali hasomi bajeti ya mifereji wala ratiba ya gari la taka. Anasoma kitu kimoja rahisi: barabara haina watu. Basi kinachoanza kuondolewa ni watu. Mwaka 2021 machinga nchi nzima walitakiwa kutoka barabarani na kwenda maeneo yaliyotengwa. Sisemi ni picha za stetasi zilizowahamisha. Nasema zilikuwepo, zimetangulia kutufundisha kwamba mtaa mzuri ni mtaa ambao mama wa maandazi hayumo. Shoga yangu alianza biashara na vitenge begani, akipita mgodi hadi mgodi, Rwamagasa leo, Nyarugusu kesho, duka likaja baadaye sana. Kwenye picha ya "ona wenzetu", yeye wa miaka ile ndiye takataka iliyofagiliwa. Ajabu ni kwamba naye aliwahi kuituma.

Kimironko tulipokwenda kuangalia vitenge nilimuuliza, "Ile barabara ya jana mbona uliipiga peke yake?" Akanijibu, "Mwalimu, si ndivyo wanavyopiga?" Jibu hilo limenikaa. Ndivyo wanavyopiga. Hakuna aliyetufundisha darasani, tumejifunza kwa kupigwa.

Kuna chumba kimoja Kigali ambacho kinamaliza ubishi huu, kwa upande wangu. Kiko kwenye Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari ya Gisozi, yaliyofunguliwa mwaka 2004, mahali walipozikwa watu zaidi ya laki mbili na nusu. Ndani yamo mengi ya kuelezwa kwa maandishi na ramani. Lakini chumba ninachokisema kina picha tu, nyingi, zimetundikwa, zimeletwa na familia. Nazo ni picha gani? Ni za harusi. Ni za watu waliosimama tu wamevaa vizuri. Ni za marafiki wamekumbatiana mabega, wanacheka, mmoja kafumba macho kwa bahati mbaya. Ndiyo zile tunazozidharau, za kujionyesha, zisizo na utunzi wala falsafa. Kati ya picha zote za Rwanda zilizopigwa na mabingwa wa dunia mwaka ule, ambazo zilishinda tuzo na kujaza magazeti, hizi za pozi ndizo ambazo mwenye nyumba alizitaka kwenye kuta za chumba kile. Mle ndani mimi na mwenzangu hatukutoa simu. Tulipotoka hatukuzungumza mpaka tumepata chai.

Kwa hiyo, jamani, anayewaambia vijana waache kujipiga na wapige "vitu vya maana" ajiulize vya maana kwa nani.

Najua mtaniuliza: ina maana tusijifunze kwa jirani? Tusiiseme miji yetu? Tuiseme, tena kwa sauti. Lakini ukitaka kusema mfereji wa mtaa wenu umeziba, piga picha ya mfereji wa mtaa wenu. Andika jina la mtaa, tarehe, ofisi inayohusika. Hiyo ina meno. Picha ya mfereji wa Kigali kwenye simu ya mtu wa Kahama haina meno yoyote. Ni kulia kwa kutumia machozi ya mwingine. Na kama ni kujifunza, tulishajifunza kwa njia ya kuuliza: mifuko ya plastiki na sisi tuliipiga marufuku Juni 2019, baada ya watu kukaa na kuuliza inawezekanaje, viwanda vifanyeje, wauza nyanya wafungie nini. Huko ndiko kujifunza. "Ona wenzetu" ni kujichapa.

Hata kushangaa hakukatazwi. Mwaka 1902 Ham Mukasa alifuatana na Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, kwenda London kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Sherehe ilikuwa Juni, mfalme akaugua, ikasogezwa hadi Agosti, na wageni wakabaki wanangoja. Mukasa alikuwa akiandika, na maandishi yake yakatoka kitabu kwa Kiingereza mwaka 1904. Watu wawili, mji wa kigeni, maajabu kila kona: safari ileile ya mimi na shoga yangu, ila ndefu. Nao walishangaa kweli. Lakini mshangao ulioandikwa hauwezi kubaki maneno mawili. Lazima useme umeona nini, nani alikuonyesha, kinafanyaje kazi, na ukishafika hapo umeshaanza kufikiri. Ndiyo maana nawaambia wapenda vitabu: kazi yetu haikuwa kuwacheka wenye simu. Kazi yetu ilikuwa kuandika yale maelezo ya chini ya picha, na tumeyaacha yakaandikwa na uvivu.

Hivyo basi, ukienda Kigali wiki hii, au Kampala, au Nairobi, na rafiki yako, jipigeni. Piganeni kwa zamu mpaka chaji iishe. Vaeni nguo saba. Mkirudi, safisheni picha kumi kwenye karatasi, maana simu zinaibiwa na zinatumbukia kwenye ndoo, na nyuma ya kila moja muandike majina na siku. Mkitaka kumpiga mwenyeji, mwombeni, na akikataa mwacheni na uso wake. Mkipenda barabara, ipigeni, lakini kabla ya kuituma andikeni nani ameifagia na analipwa na nani. Kama hamjui, ulizeni. Kama hamna muda wa kuuliza, basi hamjapata picha bado.

Na yeyote atakayetaka kuandika "ona wenzetu", ajaribu kwanza kuitazama picha ya Geita iliyopigwa na mgeni wa wiki moja, duara, vumbi na meno, huku akijiuliza kama huyo mchimbaji ni yeye. Akishajiona mle ndani, arudi aitazame barabara yake tupu. Atakuta na yenyewe ina mtu aliyefutwa, na safari hii aliyeshika kifutio ni yeye.